Mgonjwa wa ileostomia asiruhusiwe bila jagi, daftari na pakiti za ORS

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na jamaa wa wagonjwa, na wenzangu wa wodi za upasuaji Unguja na Pemba, kuhusu watu waliotolewa utumbo mdogo nje ya tumbo. Wengi katika wanaorudishwa wodini wiki mbili au tatu baada ya kuruhusiwa hawarudi kwa sababu upasuaji umeharibika. Wanarudi kwa sababu wamekauka maji na chumvi, na figo zimeanza kuelemewa. Hilo linazuilika, na vifaa vya kulizuia, yaani jagi ya kupimia, daftari na pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini), vinapatikana hata Micheweni na Makunduchi.

Kwa asiyejua, ileostomia ni tundu analotengenezewa mgonjwa tumboni, mara nyingi upande wa kulia chini ya kitovu. Utumbo mdogo unapitishwa hapo, na choo kinatoka na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Anaweza kufanyiwa kijana ambaye homa ya tumbo imemtoboa utumbo, jambo ambalo hutokea zaidi wiki ya pili au ya tatu ya ugonjwa. Anaweza kufanyiwa mtu ambaye ngiri ilinasa hadi utumbo ukaoza, aliyeumia tumbo kwa ajali, au mwenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa wengi ni ya muda, na utumbo hurudishwa ndani baada ya miezi miwili, mitatu au zaidi. Hatari kubwa ya kukauka iko katika wiki za mwanzo, kabla utumbo mdogo haujazoea.

Kazi moja ya utumbo mpana ni kufyonza maji, kiasi cha lita moja hadi moja na nusu kwa siku, pamoja na chumvi iliyomo. Choo kinapotokea kwenye utumbo mdogo, kazi hiyo haifanyiki. Kila lita inayoingia mfukoni hubeba chumvi inayokaribia kijiko cha chai kimoja au kuzidi kidogo. Kwa hiyo mtu anayetoa lita mbili kwa siku anapoteza chumvi nyingi kuliko anayokula katika mlo wa kawaida, na anaipoteza kila siku bila kuharisha wala kutapika. Nyumbani wanaona anakula, anazungumza, mfuko unajaa, wanasema tumbo linafanya kazi vizuri. Siku ya nne akisimama anaona kiza, misuli ya miguu inakaza usiku, mkojo ni mdogo na rangi yake ni ya chai ya rangi.

Hapo ndipo hufanyika kosa ambalo kila mtu hulifanya kwa huruma: anapewa maji mengi. Anaona kiu, basi anakunywa jagi zima la maji baridi, kisha chai, kisha juisi ya miwa. Mfuko unajaa upesi zaidi na kiu haikatiki. Sababu ni hii. Maji matupu yakiingia katika utumbo mdogo wa mtu anayetoa kwa wingi, utumbo hutoa chumvi kutoka damuni kuyafuata maji yale, kisha vyote viwili vinamwagika nje. Vinywaji vyenye sukari nyingi, kama soda, juisi ya miwa na sharbati, navyo huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kunywa lita tatu kwa siku na bado akafika hospitali amekauka. Jamaa wanaapa kwamba alikuwa anakunywa sana, na wanasema kweli.

Dawa ya kwanza, basi, ni kupima kinachotoka. Mtu mzima ambaye ileostomia yake imetulia hutoa baina ya nusu lita na lita moja kwa siku, uzito wake kama wa uji. Akizidi lita moja na nusu katika saa 24, hilo ni tatizo la kushughulikiwa siku hiyohiyo. Akifika lita mbili ni hatari. Hakuna anayeweza kukadiria hayo kwa macho, kwa sababu mfuko humwagwa mara tano, sita au nane kwa siku, kidogo kidogo, na kila mara huonekana si kitu.

Kama jagi yenye vipimo haipatikani, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokwisha, ikate sehemu ya juu pale inapoanza kubana. Ijaze maji kutoka chupa ya nusu lita, chora mstari kwa kalamu isiyofutika. Ongeza nusu lita nyengine, chora mstari wa pili. Baina ya mistari hiyo weka alama za robo lita. Yamwage maji hayo, chombo kimekuwa tayari, na kiwekwe chooni kwa kazi hiyo tu. Kila mfuko unapomwagwa, humwagwa kwanza humo, husomwa, huandikwa katika daftari pamoja na saa, ndipo kikamwagwa chooni na chombo kikaoshwa kwa sabuni. Hesabu ianze alfajiri hadi alfajiri ya pili, kwa kuwa wakati huo kila nyumba huwa macho na hausahauliki. Kurasa za daftari zigawanywe safu tatu: kilichotoka, alichokunywa, na mkojo. Mkojo nao upimwe kwa chombo chengine. Ukiwa chini ya nusu lita kwa siku nzima ni dalili mbaya. Unaotakiwa ni lita moja au karibu yake, na rangi yake iwe ya manjano hafifu.

Kazi hii inahitajika kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Baadaye, hesabu zikiwa zimetulia, hupimwa tu pale choo kinapokuwa chepesi au mgonjwa anapojisikia vibaya.

Dawa ya pili ni kinywaji chenyewe. Pakiti ya ORS ya kawaida ya lita moja ina chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati gramu 2.9. Glukosi na chumvi zikiwa pamoja kwa uwiano huo, ukuta wa utumbo mdogo huzivuta zote mbili na maji yakafuata ndani ya mwili. Sisi Wazanzibari tumezoea pakiti hizi tangu miaka ya kipindupindu, na kwa hilo tuna bahati. Ila tulizifundishwa kwa ajili ya kuharisha kwa siku mbili tatu, na hapa mtu anahitaji pakiti moja au mbili kila siku kwa wiki kadhaa.

Mambo matatu huharibu ORS majumbani. La kwanza, pakiti ya lita moja huchanganywa katika kikombe kikubwa au jagi lisilojulikana ujazo wake. Soma pakiti kwanza, maana zipo za nusu lita pia, kisha pima maji kwa chupa inayojulikana. La pili, huongezwa sukari, soda au asali ili iwe tamu, na ule uwiano unakufa. Ladha ikimshinda, iwekwe kwenye friji inywewe baridi, au ikamuliwe ndimu kidogo. La tatu, hunywewa kwa mkupuo baada ya chakula. Inywewe kwa funda ndogo ndogo siku nzima. Wakati wa kula, mgonjwa ale kwanza, asubiri kama nusu saa ndipo anywe. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Pakiti zikiisha usiku, nyumbani hutengenezwa kwa vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Nasema chumvi laini kwa makusudi, kwa sababu chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba yetu ya chumvi ina chembe kubwa na kijiko chake hakilingani. Kijiko kikizidi ni hatari kwa upande wa pili, hasa kwa mtoto.

Kwa anayetoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, madaktari wa tumbo hutumia mchanganyiko wenye chumvi zaidi: glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5 na baikaboneti ya soda gramu 2.5 katika lita moja. Huu usipimwe kwa vijiko nyumbani. Mfamasia wa hospitali ana mizani. Apime, afunge vifuko, aandike juu yake "lita moja", ampe mgonjwa vya wiki nzima. Magadi na hamira ya unga si baikaboneti safi na visitumiwe badala yake. Mgonjwa huyu anywe lita moja au zaidi ya mchanganyiko huo kwa siku, na vinywaji vengine vyote visivyo na chumvi, yaani maji, chai, juisi na madafu, visizidi nusu lita hadi lita moja kwa jumla, mpaka daktari aseme vyenginevyo. Huyo ambaye choo chake ni cha nusu lita hadi lita moja hana haja ya kunyimwa maji. Anywe lita mbili hadi mbili na nusu kwa jumla, na ORS iwemo.

Madafu yanastahili neno lake, maana ndiyo zawadi ya kwanza ambayo mgeni humletea mgonjwa. Yana potasiamu nyingi na sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya kula, kidogo, wakati anachopoteza mgonjwa zaidi ni sodiamu. Dafu moja kwa siku halina neno kwa mwenye hali njema. Kwa aliyekwisha kukauka, ambaye figo hazitoi potasiamu sawasawa, madafu manne yanaweza kumdhuru moyo.

Chumvi ya chakulani iongezwe. Hapa kuna mgongano, kwa sababu watu wengi wa umri wa makamo wana presha na wamekatazwa chumvi kwa miaka. Asiye na maradhi ya moyo, figo wala presha aongeze nusu kijiko cha chai kwa siku katika milo yake. Mwenye maradhi hayo asikisie. Daktari aliyemfanyia upasuaji na yule anayemtibu presha wakubaliane kiasi chake kabla hajatoka wodini.

Na si chumvi tu, hata dawa za presha zenyewe. Vidonge vya kukojoza, kama furosemidi na hidroklorothiazidi, humtoa mtu maji na chumvi anavyovihitaji. Enalapril na losartan, kwa mtu aliyekauka, huzidi kuzibana figo. Mara nyingi mgonjwa huingia hospitali na mfuko wake wa dawa, hutoka na mfuko uleule, na hakuna aliyeuangalia upya. Ombi langu kwa madaktari ni kwamba karatasi ya kuruhusiwa iseme wazi dawa gani imesimamishwa, ipi imepunguzwa na lini itaangaliwa tena. Mgonjwa naye asiziache kwa kujiamulia wala asiendelee nazo kimya pale choo kinapozidi. Apige simu siku hiyo. Metifomini ya kisukari iulizwe vivyo hivyo.

Sindano na vidonge vya diklofenaki, na ibuprofeni, ni shida nyengine. Huuzwa kila duka la dawa na kila mwenye maumivu ya kidonda huelekezwa huko. Kwa mtu mwenye ileostomia mpya anayepoteza maji, dawa hizi ni njia fupi ya kuziharibu figo. Parasetamoli inatosha kwa wengi, na isipotosha arudi kwa daktari wake. Tena sanamaki na mshubiri, ambavyo wazee wetu humpa mtu baada ya ugonjwa "kusafisha tumbo", visimguse kabisa. Vidonge vya kutoa dawa polepole navyo mara nyingi hupita vizima na kuonekana mfukoni. Akiona kidonge kizima, amwambie daktari abadilishiwe.

Ipo dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, loperamidi, kidonge cha miligramu 2. Hunywewa nusu saa kabla ya kula, kwa sababu chakula ndicho kinachouamsha utumbo, na wengi hukosea wakainywa baada ya kula kisha wakasema haifanyi kazi. Kiasi ni cha daktari kuamua, na kwa kawaida hakivuki miligramu 16 kwa siku. Isianzwe nyumbani bila ushauri kwa mtu mwenye homa, mwenye damu katika choo, au ambaye tumbo limevimba.

Chakula kisimfanye mgonjwa mnyonge. Wali, ugali, viazi, mkate, ndizi mbivu, uji mzito na boko boko laini vyote huongeza uzito wa choo. Muhogo wa kuchemsha ni mzuri sana ukitolewa ule mzizi wa katikati. Samaki na mayai havina tatizo. Milo iwe midogo, mara tano au sita. Katika wiki sita za mwanzo, pale utumbo unapopita kwenye ukuta wa tumbo huwa umevimba na njia ni nyembamba, na vitu vyenye nyuzi au maganda huziba hapo. Nataja vya kwetu: nazi ya vipande, dafu lililokomaa, mahindi ya kuchoma, korosho na karanga nzima, chungwa linaloliwa na kamba zake, embe lenye nyuzi, nanasi, pweza na ngisi wagumu, na kisamvu kisichotwangwa vizuri. Tui la nazi haliingii humo, halizibi kitu, ila likiwa zito sana linaweza kulegeza choo. Baada ya wiki sita vinarudishwa kimoja kimoja, kidogo, na kutafunwa mpaka kilainike.

Dalili ya kuziba ijulikane na watu wote wa nyumba. Mfuko haupati kitu kwa saa nne hadi sita, tumbo linasokota kwa vipindi, linavimba. Wakati mwengine huanza kwa kutoa maji matupu yenye harufu kali, na watu hudhani ni kuharisha wakampa loperamidi, jambo ambalo huongeza balaa. Kama hatapiki, aache chakula kigumu, anywe vinywaji vya uvuguvugu, alale na magoti yameletwa kifuani, akandwe taratibu kuzunguka tundu. Kama utumbo umevimba na kibandiko kinachoshika mfuko kwenye ngozi kinaubana, kibanduliwe na kiwekwe chenye tundu kubwa zaidi. Akitapika, au saa sita zikipita bila nafuu, aende hospitali na asipewe kitu mdomoni. Vilevile rangi ya utumbo wenyewe iangaliwe kila mfuko unapobadilishwa. Unatakiwa uwe mwekundu, wenye umajimaji. Ukiwa wa zambarau iliyoiva au mweusi, ni dharura, asisubiri asubuhi.

Mfuko unaovuja ni sababu nyengine ya kurudi, na hata ya kukauka, kwa sababu ambaye mfuko wake unavuja huacha kunywa ili usijae. Choo cha utumbo mdogo kina vimeng'enya vinavyochoma ngozi katika muda wa saa chache. Tundu la kibandiko likatwe liwe kubwa kuliko utumbo kwa milimita 2 au 3 tu. Na kwa sababu utumbo hunywea na kuwa mdogo katika wiki sita hadi nane za mwanzo, upimwe upya kila wiki. Anayeendelea kukata kwa kipimo alichopewa wodini, baada ya mwezi ngozi yake itakuwa wazi pembeni na itachubuka. Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe kabisa kwa kitambaa laini, isipakwe mafuta ya nazi wala vaselini, kwani kibandiko hakishiki juu ya mafuta. Wakati wa kaskazi, jasho huking'oa upesi. Kibandikwe alfajiri kabla ya kula chochote, mtu akiwa amekaa kwenye baridi, kikandamizwe kwa kiganja dakika chache mpaka kipate joto la mwili. Kwa kawaida hukaa siku tatu au nne. Mfuko umwagwe ukifika theluthi au nusu, usiachwe ujae mpaka uzito wake ukivute.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo asinyanyue zaidi ya kilo nne au tano kwa wiki sita hadi nane, la sivyo anaweza kupata ngiri pembeni ya tundu. Kuchuma na kuanika karafuu kwenye jua kali pia kusubiri.

Nizungumzie ibada, kwa sababu wagonjwa wengi huona haya kuuliza. Wapo wanaopunguza kunywa tangu saa nne asubuhi ili mfuko usijae kabla ya adhuhuri, na zaidi siku ya Ijumaa. Mwenye hadathi isiyokatika, yaani anayetokwa na kitu kinachotengua udhu bila kukoma, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi hapa, hutawadha baada ya wakati kuingia na kuswali fardhi yake hata kama kitu kinaendelea kutoka. Amuulize sheikh wake ufafanuzi, lakini asijikaushe kwa ajili ya udhu. Kuhusu Ramadhani, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 185. Mwenye ileostomia ya miezi michache asifunge. Masaa 13 bila ORS, kisha futari ya sharbati, kaimati na maji ya barafu kwa pamoja, ni mpangilio ule ule unaoleta watu wodini. Ambaye ana ileostomia ya muda mrefu na anataka kufunga, apimwe damu kwanza na azungumze na daktari wake.

Hivyo hivyo kwa safari. Mtu anayetoka Kojani au Kisiwa Panza huvuka kwa chombo, kisha gari, na hana uhakika wa choo, basi hanywi. Achukue chupa ya ORS na mfuko mmoja wa akiba uliokwisha kukatwa tundu, na chupa tupu ya mdomo mpana yenye kifuniko ya kumwagia. Ni kitu kidogo lakini humwezesha kunywa njia nzima.

Sasa kwa wenzangu. Upasuaji wa kupangwa unatoa nafasi ya kumchagulia mgonjwa mahali pa tundu kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Akae, asimame, ainame, afunge kikoi au kanga yake kama anavyofunga siku zote, ndipo alama iwekwe mbali na mkunjo wa ngozi na mbali na mstari wa kikoi. Dakika kumi hizo huokoa miezi ya kuvuja. Katika dharura ya usiku nafasi hiyo mara nyingi haipo, basi mafundisho baada ya upasuaji yaongezwe. Mgonjwa aanze kumwaga mfuko mwenyewe mapema anapoweza kukaa, na asiruhusiwe mpaka ameubadilisha mara mbili kwa mikono yake, jamaa mmoja akiangalia. Huyo jamaa awe yule atakayekuwa naye nyumbani hasa. Mara nyingi tunamfundisha kaka aliyekuja kulipia vipimo, na anayelala na mgonjwa ni mama au mke ambaye hakuwepo.

Asiruhusiwe pia kama kinachotoka kimezidi lita moja na nusu katika saa 24 zilizopita, hata kama anatembea na kidonda kimekauka. Kitanda kinahitajika, hilo nalijua, lakini atarudi akikihitaji kwa siku nyingi zaidi.

Mkononi atoke na jagi, daftari lenye safu tatu, pakiti za ORS zisizopungua 14, mifuko ya kumfikisha kliniki, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa. Muuguzi ampigie siku ya pili au ya tatu, kisha mara mbili kwa wiki hadi wiki mbili zitimie. Asimuulize "unaendeleaje?", kwa sababu jibu ni "alhamdulillah" kwa mzima na kwa mahututi. Aulize jana daftari lilisema ngapi zimetoka, mkojo ulikuwa kiasi gani na rangi gani, pakiti ngapi za ORS zimebaki, na akisimama anaona kizunguzungu? Idadi ya pakiti zilizobaki ndiyo inayosema kweli kama amekuwa akinywa.

Hili si la kubuni. Hospitali moja ya Boston, Marekani, ilichapisha mwaka 2012 matokeo ya mpango wa namna hii, wenye mafundisho kabla na baada ya upasuaji, kupima kinachoingia na kinachotoka nyumbani, na muuguzi wa kufuatilia. Kabla yake wagonjwa 15.5 katika kila 100 walirudi kwa kukauka. Katika wagonjwa 42 wa kwanza waliofuata mpango, hakurudi hata mmoja kwa sababu hiyo. Kundi lilikuwa dogo na nchi yao si yetu, lakini jagi na daftari havihitaji umeme. Sisi tuna wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba katika shehia, na wanaweza kufundishwa kusoma daftari lile kwa nusu siku. Wizara ingelifanya jambo kubwa kwa kuliweka hilo katika kazi zao, na kwa kuhakikisha mifuko na vibandiko vinapatikana katika bohari ya dawa badala ya jamaa kuagizia Dar es Salaam.

Damu ipimwe baina ya siku ya saba na ya kumi baada ya kuruhusiwa: kreatinini na urea, ambavyo huonesha hali ya figo, sodiamu na potasiamu, na maginesiamu pale maabara inapoweza. Hakuna haja ya kumvusha mgonjwa bahari kwa hilo. Kreatinini ikiwa imepanda kuliko ya siku aliyotoka, hata kama bado iko ndani ya kiwango cha kawaida, ichukuliwe kuwa anakauka. Na akifika kituo cha karibu, Wete au Kivunge, amelegea na mdomo mkavu, dripu ya kwanza iwe ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au ya Ringa. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 isitumiwe kumrudishia maji, kwa kuwa haina chumvi kabisa. Daftari lake aje nalo, na anayempokea aanze kulisoma kabla ya kuandika chochote.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji,
Chake Chake, Pemba